Mbarika na Kamba

Mbarika huota ovyo kandokando ya njia za Migori na Homa Bay, na wapitao hawaujali. Walakini mbegu zake, ambazo mtoto asithubutu kuzitafuna kwa kuwa sumu yake huua, ndizo zilizofungua mlango wa elimu kubwa. Mwaka 1888, Peter Hermann Stillmark, katika Chuo Kikuu cha Dorpat, ambao leo ni mji wa Tartu nchini Estonia, alikamua sumu hiyo akaitia katika damu. Akaona chembe nyekundu zikishikamana mafungumafungu.

Ilipita miaka 66 kabla protini za namna hiyo hazijapewa jina. Mwaka 1954 William Boyd na Elizabeth Shapleigh wa Boston waliziita lektini, kwa neno la Kilatini lenye maana ya kuchagua. Maana kila moja huchagua sukari yake na kuishika.

Lektini zimo hata katika kamba. Watazame wale wadogo wa Ziwa Viktoria, ambao Wajaluo huwaita ochong'a, waishio katika maji yenye bakteria tele. Kamba hana kingamwili kama zetu. Lakini lektini zake hushika sukari iliyo juu ya bakteria na kuwafunga pamoja, kisha chembe za damu yake huwameza. Ulinzi huo amezaliwa nao. Haungoji kufundishwa na ugonjwa.

Basi mtafuta elimu asidharau magugu.