Hifadhi ya kawi ndiyo mtihani wa Afrika Kusini

Afrika Kusini imejaliwa jua na upepo tele, lakini sehemu kubwa ya umeme wake bado hutokana na makaa ya mawe. Vituo vingi vya makaa vya shirika la Eskom vimo katika jimbo la Mpumalanga. Vilipochakaa, wananchi walitaabishwa na mgao wa umeme, hali iliyokithiri mwaka wa 2023.

Tangu 2011, serikali imekuwa ikialika kampuni za kibinafsi kuzalisha umeme wa jua na upepo. Hata hivyo, jua huwaka zaidi adhuhuri, ilhali matumizi hupanda jioni watu wanaporejea nyumbani kuwasha taa na majiko. Umeme usipotumiwa papo hapo, sharti uhifadhiwe kwa namna nyingine.

Njia kongwe ni ya maji. Kituo cha Ingula katika milima ya Drakensberg, kilichokamilika 2017, kina mabwawa mawili. Umeme unapozidi mahitaji, hutumiwa kusukuma maji hadi bwawa la juu. Mahitaji yanapopanda, maji hayo hufunguliwa yateremke na kuzungusha mitambo minne yenye uwezo wa megawati 1,332.

Njia mpya ni ya betri. Kituo cha Hex, karibu na mji wa Worcester, kilizinduliwa Novemba 2023. Kinaweza kutoa megawati 20 kwa saa tano.

Lakini ghala lisilo na barabara halimfai mkulima. Gridi ilijengwa kufuata migodi ya makaa, ilhali jua kali zaidi liko mbali, Northern Cape. Katika zabuni ya 2022, hakuna mradi wa upepo uliofaulu kwa sababu nyaya za majimbo yenye upepo hazikuwa na nafasi.

Aidha, kuna suala la riziki. Kituo cha Komati, kilichoanza 1961, kilizima mtambo wake wa mwisho Oktoba 31, 2022. Wafanyakazi wa kudumu walibakia na ajira, wengi wakihamishwa, lakini vibarua wa wanakandarasi walikosa kazi. Mwaka huo Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za kuweka hapo megawati 150 za jua, 70 za upepo na betri za megawati 150.

Kwa wakazi wa Mpumalanga, mageuzi hayo yatapimwa kwa mambo mawili: taa za jioni na mishahara ya mwisho wa mwezi.