Leseni, Msimu na Mpaka: Historia ya Uwindaji wa Kisheria katika Ukanda wa Busia na Tororo, 1900–2019

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi leseni ya kuwinda ilivyobadili uwindaji katika Mwello na maeneo mengine ya Busia na Tororo, kutoka shughuli iliyoongozwa na ukoo na kalenda ya shamba hadi ruhusa inayotolewa na dola. Hoja kuu ni kwamba tatizo linalolikabili eneo hili leo halitokani na upungufu wa sheria, bali na kuwapo kwa sheria mbili zinazokinzana juu ya wanyama walewale na, mara nyingi, juu ya watu wa ukoo mmoja.

Utangulizi

Tarehe 1 Aprili 1902, Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishiwa rasmi katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mpaka mpya ulifuata kwa sehemu Mto Sio na, kaskazini zaidi, Mto Malaba. Wasamia na Wateso walijikuta wakiishi pande zote mbili. Wanahistoria wameandika mengi kuhusu athari za mgawanyo huo katika kodi, biashara na uraia. Uwindaji haujapewa uzito unaostahili, ingawa mnyama ndiye raia asiyetambua mpaka kabisa: nzohe wa mabwawa ya mafunjo na kiboko wa mwambao wa Ziwa Viktoria hufuata maji na malisho, si ramani.

Uwindaji kabla ya leseni

Wasamia walisifika kwa ufuaji wa chuma. Majembe na mikuki yao ilisafirishwa na kubadilishwa kwa mifugo na nafaka katika maeneo ya jirani. Jembe na mkuki vilitoka katika tanuri moja, na matumizi yake hayakutengana. Mkulima aliyelima mtama na wimbi kando ya bonde alilazimika pia kulilinda shamba lake dhidi ya wanyama waharibifu.

Msimu wa kuwinda, kwa hiyo, ulipangwa na kilimo. Mavuno yalipokwisha na nyasi kukauka, nafasi ya misako ya pamoja ilipatikana. Maandalizi yalikuwa kunoa mikuki, kukarabati nyavu, kuandaa mbwa na kukubaliana juu ya eneo la msako. Ruhusa ilitokana na mahusiano ya ukoo na ardhi, na mgawanyo wa nyama ulifuata kanuni zilizojulikana. Mfumo huo haukuwa na karatasi, lakini ulikuwa na wakati wake, mipaka yake na wasimamizi wake.

Karatasi ya Kolekta

Tarehe 19 Mei 1900, mataifa ya Ulaya yenye makoloni Afrika yalitia saini mjini London mkataba wa kuhifadhi wanyama, ndege na samaki wa bara hili. Mkataba ulipendekeza leseni, misimu iliyofungwa, orodha za wanyama wanaolindwa, udhibiti wa nyavu na mashimo ya kutegea, na kutaifishwa kwa pembe za ndovu zenye uzito chini ya kilo 5. Simba, chui na fisi waliwekwa katika kundi la wanyama ambao idadi yao ilitakiwa kupunguzwa. Hakuna Mwafrika wa eneo hili aliyeshirikishwa katika majadiliano hayo. Mkataba haukuridhiwa na mataifa yote, lakini misingi yake iliingia katika kanuni za himaya za Uingereza, Uganda na Afrika Mashariki zikiwamo.

Chini ya kanuni hizo, mwombaji alipeleka ombi kwa ofisa wa wilaya aliyeitwa Kolekta, akalipa ada, na kupewa leseni iliyotaja aina na idadi ya wanyama. Alitakiwa kutunza daftari la wanyama aliowaua na kulionyesha kwa ofisa mara kwa mara. Kufikia mwaka 1909, leseni ya mwindaji mgeni katika Himaya ya Afrika Mashariki iligharimu rupia 750. Kiasi hicho kililingana na kodi ya nyumba 250 kwa kiwango cha rupia 3 kilichowekwa na Mkataba wa Buganda wa 1900. Huo ndio mwaka Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alipoingia kuwinda. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 kwa kumbukumbu yao wenyewe.

Mwenyeji hakufungiwa mlango moja kwa moja. Kanuni ziliruhusu Kolekta, kwa idhini ya Kamishna, kulipa kabila au kijiji kilichotegemea nyama ya porini kibali cha kuwinda katika eneo maalumu, kwa njia na idadi aliyoiainisha. Hata hivyo, kifungu hicho kiligeuza haki kuwa fadhila. Jamii ilipaswa kuthibitisha uhitaji wake mbele ya ofisa, ilhali mgeni hakuhitaji kuthibitisha chochote zaidi ya uwezo wa kulipa. Aidha, nyavu na mashimo, zana za mtu asiye na bunduki, ndizo zilizopigwa marufuku kwanza. Tofauti kati ya mwindaji na jangili ilianza hapo: haikutegemea idadi ya wanyama waliouawa, bali ada na zana.

Idara mbili, bonde moja

Ugonjwa wa malale uliua zaidi ya watu 200,000 kusini mwa Uganda mwanzoni mwa karne ya 20. Gavana Hesketh Bell aliamuru wakazi wa mwambao wa ziwa wahamishwe. Mahali palipohamwa na watu palirudiwa na vichaka na wanyama, na mashamba yaliyobaki pembezoni yalipata majirani wapya wasiotakiwa.

Usimamizi nao uligawanyika. Kenya ilikuwa na idara ya wanyamapori tangu 1907, huku ya Uganda ikianzishwa mwaka 1925 chini ya Charles Pitman, aliyeiongoza hadi 1951. Idara ya Uganda ilijishughulisha sana na kudhibiti tembo walioharibu mazao. Kwa mkulima wa mpakani, maana yake ni kwamba ulinzi wa shamba, ambao awali ulikuwa wajibu wake na wa jirani zake, ulihamia kwa askari wa wanyamapori aliyekaa mbali.

Kutoka leseni hadi marufuku

Baada ya uhuru, njia za nchi hizi zilitengana zaidi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote tarehe 20 Mei 1977. Uganda ilisitisha uwindaji mwaka 1979, lakini sheria yake ya 1996 iliunda Mamlaka ya Wanyamapori na kuanzisha haki za matumizi ya wanyamapori, uwindaji ukiwa daraja la kwanza. Mwaka 2001 uwindaji wa kitalii ulirejeshwa kwa majaribio nje ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo. Tanzania, kwa upande wake, iliufunga uwindaji wa kitalii mwaka 1973 na kuurudisha mwaka 1978. Msimu wake hufunguliwa tarehe 1 Julai.

Sheria ya Kenya ya 2013 iliharamisha hata uwindaji wa kitoweo, ila iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa kifo kinachosababishwa na mnyama. Uganda iliingiza utaratibu wa fidia katika sheria yake ya 2019. Hivyo, upande mmoja wa Mto Sio mwananchi hawezi kuomba leseni kabisa. Upande wa pili anaweza kuomba kwa mujibu wa sheria, ingawa gharama na taratibu humweka mbali na haki hiyo kama rupia 750 zilivyomweka babu yake.

Hitimisho

Historia hii ina mafunzo matatu kwa watunga sera. Kwanza, leseni isiyotanguliwa na sensa ya pamoja ya wanyama wa bonde la Sio na Malaba ni makisio, kwa kuwa kila nchi inaweza kumhesabu mnyama yuleyule. Pili, Ibara ya 116 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1999 inazitaka nchi wanachama kuwa na sera ya pamoja ya wanyamapori. Mpaka huu ni mahali panapofaa kuanza utekelezaji, hususan katika fidia na taarifa za uharibifu. Tatu, kalenda yoyote ya msimu, iwe ya uwindaji au ya udhibiti wa wanyama waharibifu, ipangwe pamoja na wanaolima. Mwaka 1900 waliulizwa tu kama wana njaa. Hawakuulizwa wanajua nini.