Michelle Howard

Michelle Janine Howard (alizaliwa tarehe 30 Aprili 1960) ni afisa mstaafu wa Jeshi la Majini la Marekani. Ndiye mwanamke wa kwanza wa jeshi hilo kuvaa nyota nne za admeri, na mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Afrika kufikia nyota hizo katika tawi lolote la majeshi ya nchi hiyo. Mwaka 2009 aliongoza operesheni ya kumwokoa nahodha wa Maersk Alabama, meli ya mizigo iliyotekwa na maharamia ikielekea Mombasa.

Alizaliwa katika kambi ya jeshi la anga ya March, California. Baba yake alikuwa sajenti wa jeshi hilo, mama yake Mwingereza. Amesimulia kwamba akiwa na miaka 12 alitazama kipindi cha televisheni kuhusu vyuo vya maafisa wa kijeshi, akatamani kujiunga, ndipo mama yake akamweleza kwamba sheria haiwaruhusu wasichana. Ila mama hakuishia hapo: alimwambia akikua na nia ikiwa ile ile, aombe, wakimkataa, wataishtaki serikali. Kesi haikuhitajika. Mwaka 1975 Rais Gerald Ford alitia saini sheria iliyofungua vyuo hivyo kwa wanawake, na wa kwanza waliingia mwaka uliofuata. Howard alimaliza sekondari huko Aurora, Colorado, mwaka 1978, akaenda Annapolis, chuo cha maafisa wa Jeshi la Majini, na kuhitimu mwaka 1982 katika kundi la tatu lenye wanawake.

Chuo kilikuwa wazi, bahari bado. Sheria ya mwaka 1948 iliwazuia wanawake kufanya kazi melini, isipokuwa kwenye meli za hospitali na za uchukuzi. Hukumu ya mahakama ya mwaka 1978 ililegeza zuio hilo, lakini manowari za kivita ziliendelea kuwa za wanaume hadi Bunge lilipolifuta mwishoni mwa 1993. Ndiyo sababu orodha ya meli za Howard miaka ya mwanzo inasomeka kama orodha ya karakana na maghala: USS Hunley, iliyohudumia nyambizi, USS Lexington, manowari kuukuu ya kubeba ndege iliyobaki kuwa ya mafunzo, kisha USS Mount Hood na USS Flint, ambazo zilibeba risasi na mabomu. Kwenye Mount Hood alikuwa mhandisi mkuu tangu 1990, na alihudumu humo wakati wa vita vya Ghuba. Kwa macho ya sheria, mwanamke aliyesimamia injini za meli iliyosheheni mabomu wakati wa vita hakuwa vitani. Ni vigumu kupata mfano bora wa jinsi zuio lile lilivyokosa mantiki.

Wanaoandika habari zake hupenda kuhesabu mara ambazo alikuwa "wa kwanza". Hesabu hiyo ni sahihi, lakini nyingi ya tarehe zake zinaeleza kasi ya sheria kuliko uwezo wa mtu. Mwaka 1987, akiwa bado afisa wa ngazi za chini, alikwisha kupewa tuzo ya uongozi ya Kapteni Winifred Collins, ambayo hutolewa kwa afisa mmoja mwanamke kila mwaka.

Zuio lilipoondoka, alipanda haraka. Mwaka 1996 aliteuliwa ofisa mtendaji, yaani wa pili kwa madaraka, wa USS Tortuga. Meli hiyo ilitoka kazini Adriatiki, na baada ya siku 60 tu ikang'oa nanga kwenda Afrika Magharibi kufanya mazoezi na majeshi ya nchi saba. Tarehe 12 Machi 1999 alikabidhiwa USS Rushmore, akawa Mwamerika Mweusi wa kwanza mwanamke kuongoza manowari ya nchi yake. Rushmore ni meli ya kushusha askari ufukweni. Tumboni mwake, upande wa tezi, kuna bwawa: meli hujaza maji matangi yake mpaka izame kiasi, mlango mkubwa wa nyuma unateremshwa, bahari inaingia, na vyombo vya kubeba askari na magari vinaelea vyenyewe kutoka nje. Kuiinamisha meli hivyo bila kuiyumbisha ni kazi ya mahesabu, na hapo miaka ya chumba cha injini haikupotea bure.

Mwaka 2006 aliteuliwa kupanda cheo cha admeri, mwanamke wa kwanza aliyesoma Annapolis kufika hapo. Aprili 2009 alikuwa na siku chache tu katika ukamanda wa kikosi cha kupambana na uharamia, kutoka manowari ya USS Boxer, wakati Wasomali wanne walipoiteka Maersk Alabama, iliyobeba pia misaada ya chakula. Mabaharia walifanikiwa kuirudisha meli mikononi mwao nayo ikatia nanga Mombasa, lakini maharamia waliondoka na nahodha Richard Phillips ndani ya boti ya kuokolea. Hofu kubwa ilikuwa boti hiyo kufika pwani ya Somalia. Manowari USS Bainbridge iliifunga kamba na kuivuta. Tarehe 12 Aprili makomando walenga shabaha waliwaua maharamia watatu. Wa nne, aliyekuwa Bainbridge wakati huo, alihukumiwa New York kifungo cha zaidi ya miaka 33. Filamu ya mwaka 2013 iliyotokana na tukio hilo inamhusu nahodha.

Nyota ya nne ilikuja tarehe 1 Julai 2014, alipoapishwa kuwa Makamu wa Mkuu wa Jeshi la Majini. Alipoagiza vibao vya begani aliambiwa vya mwanamke wa nyota nne havijawahi kutengenezwa. Ikabidi vishonwe kwa mkataba maalumu. Kuanzia 2016 aliongoza kutoka Naples, Italia, vikosi vya majini vya Marekani vya Ulaya na Afrika. Alistaafu Desemba 2017.

Mwaka 2021 alikuwa mwenyekiti wa tume iliyopitia majina ya kambi na meli yaliyoenzi upande wa Kusini uliotetea utumwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kambi tisa zilipewa majina mapya, na manowari USS Chancellorsville ikaitwa Robert Smalls, mtumwa aliyeteka meli ya Kusini mwaka 1862 na kujikomboa nayo. Mwaka 2025 serikali iliyofuata ilizirudishia kambi hizo majina ya zamani, safari hii kwa kuyahusisha na askari wengine.