Fahamu Aina za Chuma Kisichoshika Kutu Zinazofaa Matanuri ya Kukaushia Chai

Wilayani Korogwe, mkoani Tanga, maeneo ya Ambangulu na Dindira katika Milima ya Usambara yamejulikana kwa miaka mingi kwa zao la chai. Majani yaliyokwisha kuchachuka hukaushwa kwa hewa yenye nyuzi joto zipatazo 100 au zaidi, hadi yabaki na unyevu wa takriban asilimia 3.

Tanuri linapotumia kuni, moshi haupaswi kugusa majani. Hivyo moto hupita upande mmoja wa mabomba na hewa safi upande wa pili. Mtambo huo huitwa kibadilisha joto. Bomba likitoboka, chai hushika harufu ya moshi na kushuka bei, hasara inayoweza kumfikia hata mkulima mdogo anayeuza majani mabichi kiwandani.

Chuma cha kawaida hubambuka haraka joto likizidi nyuzi 550 hivi. Chuma kisichoshika kutu kina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, ambayo hujenga utando mwembamba wa kukilinda. Daraja la 304, lenye kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8, hustahimili takriban nyuzi 925 moto ukiwaka mfululizo, lakini 870 tu ukiwashwa na kuzimwa, kwa kuwa utando hupasuka chuma kinapopoa. Daraja la 310, lenye kromiamu asilimia 25 na nikeli asilimia 20, hufikia takriban nyuzi 1,150 na 1,035 mtawalia.

Kwa kuwa tanuri la chai huzimwa mara kwa mara, kipimo cha kuzingatia ni kile cha chini. Aidha, chumvi za potasiamu zilizomo katika majivu ya kuni hupunguza ustahimilivu huo. Hivyo mabomba yasafishwe kila mara.

Nikeli huongeza gharama, kwa hiyo daraja la 310 laweza kutumika katika safu zilizo karibu na moto pekee. Bomba la mita 3 likiongezeka joto kwa nyuzi 500 hurefuka takriban milimita 25. Fundi aliachie nafasi, vinginevyo viungio vitapasuka.

Wanunuzi wanakumbushwa kuwa sumaku haiwezi kutofautisha madaraja hayo mawili, kwani kwa kawaida yote hayanaswi nayo. Uthibitisho ni cheti cha mtengenezaji kinachoonesha asilimia za kromiamu na nikeli, au vipimo vya maabara.