Santuri Ndogo na Tarumbeta Kubwa

Ndugu wawili Wamarekani, Randy Brecker mpiga tarumbeta na Michael mpiga saksafoni, walitoa albamu sita kati ya 1975 na 1981. Ilikuwa jazi iliyochanganywa na fanki, na ala za kupuliza ndizo zilizoshika usukani. Baadaye albamu hizo zilikusanywa na kuuzwa katika sanduku moja. Mtu akiuliza mbona Nakuru, mji wa reli na wa wakulima wenye pesa za mavuno, haina sanduku kama hilo, hujibiwa upesi kwamba watu wa Bonde la Ufa hawakuupenda muziki wa namna hiyo. Jibu hilo silikubali. Kilichoamua mambo ni ukubwa wa santuri, na ni nani aliyemiliki ala.

Tuanzie Kericho, si mbali na Nakuru, kwa kuwa huko ndiko biashara ya santuri ya eneo hili ilikoshika mizizi. Kampuni ya Chandarana ilirekodi nyimbo za Kikalenjin, Kijaluo na Kikisii, lugha za watu waliokutana kwenye mashamba ya chai na katika miji ya karibu. Kipchamba arap Tapotuk, mfalme wa gitaa la Kikalenjin, ni miongoni mwa waliorekodi kwake. Bidhaa yenyewe ilikuwa santuri ndogo ya mizunguko 45, yenye wimbo mmoja kila upande na nafasi ya dakika chache tu. Wimbo ukizidi, ulikatwa katikati: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande wa pili, na msikilizaji akalazimika kuinuka kuigeuza. Magitaa mawili, besi na sauti vilitosha humo vizuri. Fanki ya tarumbeta hutaka mdundo utulie kwanza, kisha mpulizaji mmoja mmoja apewe nafasi ya kutamba, na hilo halitaki kukatizwa. Tena wapulizaji watatu ni mishahara mitatu, ilhali santuri inauzwa bei ileile.

Tarumbeta na saksafoni zilikuwa ghali, na mara nyingi zilikuwa mali ya taasisi. Maroon Commandos, bendi iliyoundwa mwaka 1970 katika kikosi cha 7 Kenya Rifles chini ya Habel Kifoto, iliweza kudumisha saksafoni na tarumbeta kwa sababu wanamuziki wake walikuwa askari wa kulipwa. Kijana wa Njoro au Molo aliyetaka kupuliza angeanzia wapi? Gitaa angeweza kuliazima kwa jirani.

Wapo watakaopinga kwa kutaja Wakongomani. Les Mangelepa, waliojitenga na kiongozi wa bendi yao, Baba Gaston, mwaka 1976, walikuwa na wapulizaji hodari, na santuri zao ndogo ziliuzwa Kenya nzima. Ni kweli, lakini kituo chao kilikuwa Nairobi, ambako kupiga muziki klabuni kila wiki kuliwapa riziki. Santuri ilikuwa tangazo la dansi. Wengine watataja Matata, bendi ya Nairobi iliyopiga fanki ya tarumbeta bila haya. Hao ndio mfano unaonisaidia zaidi: albamu zao mbili za nusu ya kwanza ya miaka ya 1970 zilitolewa na President Records ya London. Walipata nafasi ya albamu nzima baada ya kuvuka bahari.

Hoja ya ladha nayo inaangushwa na ushahidi wa hapahapa. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alirekodi huko Kapkatet, eneo la Kericho, nyimbo za Kipsigis zilizomtaja Chemirocha, yaani Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani waliyemsikia kwenye gramafoni na kumtungia visa. Watu waliompokea mgeni kwa hamu kiasi hicho, tena wakamvika umbo la nusu mtu nusu mnyama, hawawezi kuitwa waoga wa sauti ngeni.

Miaka ya 1980 kanda zilizonakiliwa kiharamu zilizimaliza santuri ndogo. Kanda ilikuwa na nafasi ya nusu saa kwa upande, nafasi ambayo wapulizaji walikuwa wameihitaji siku zote, lakini ilikuja wakati hakuna mtayarishaji aliyekuwa na uhakika wa kurudisha hata gharama ya studio.