Upepo wa Ubavuni

Marubani wa kwanza hawakuwa na haja kubwa ya kuuhofu upepo wa ubavuni, si kwa kuwa walikuwa mahodari kuliko hawa wa leo, bali kwa kuwa viwanja vyao havikuwa na njia maalumu za kurukia: vilikuwa nyanda pana za majani, kama Croydon karibu na London, na rubani akishautazama mfuko wa upepo mlingotini, huielekeza eropleni yake huko utokako upepo, akaruka. Ndivyo walivyofanya ndugu Wright tarehe 17 Desemba 1903, huko Kitty Hawk, Marekani, walipoilaza reli yao ya mbao ikiukabili upepo wa zaidi ya maili 20 kwa saa, wakaruka mara nne. Kisha, chombo kikiwa kimesimama, pigo moja la upepo likakibiringisha na kukivunja hata kisiruke tena.

Vita Vikuu vya Pili ndivyo vilivyoleta njia za saruji, maana ndege za mabomu zilikuwa nzito mno kwa tope. Walakini wajenzi wa Uingereza waliihifadhi hekima ya zamani kwa kuzikatisha njia tatu mfano wa pembetatu, ili upepo ukigeuka rubani apate njia iliyo karibu nao. Baadaye ardhi ikawa ghali, ndege kubwa zikawa na nguvu ya kuustahimili upepo, na viwanja vingi vikabakiwa na njia moja. Kiwanja cha Wilson, Nairobi, kingali na mbili zenye mielekeo mbalimbali, nami naihesabu hiyo kuwa neema. Kwingineko aliyedhulumika ni mwenye ndege ndogo.

Dhuluma hiyo yataka kuelezwa kwa tuo. Ndege za zamani, kama Tiger Moth ya mwaka 1931, isiyokuwa na breki, zilikaa juu ya magurudumu mawili na mkia chini, na kitovu cha uzito kilikuwa nyuma ya magurudumu hayo. Basi upepo ukiupiga mkia, pua hugeukia joshini, na uzito ule, badala ya kuizuia, huisukuma izidi kuzunguka mpaka bawa la upande wa demani likwaruze ardhi. Ukiwa upepo wa vishindo, hatari huzidi: kishindo huinyanyua ndege kabla haijapata mwendo wa kuitosha, kisha hukatika ghafula, nayo hurudi chini ikiwa imekwisha kupeperushwa kando, magurudumu yakaigusa njia kwa mshazari, na mguu wa gurudumu ukavunjika. Dawa yake ni rubani kulilaza bawa la joshini, kuishikilia ndege ardhini mpaka mwendo uzidi kiasi cha kawaida, ndipo aiondoe kwa mara moja bila kusitasita.

Fred Weick, mhandisi wa Kimarekani, aliliweka gurudumu la tatu chini ya pua katika Ercoupe ya mwaka 1940, na Cessna wakaifuata njia hiyo katika ndege yao ya 172 ya mwaka 1956. Kwa kuwa uzito sasa ulitangulia magurudumu makuu, ndege iliyoanza kupinda ilijinyosha yenyewe, na hiyo ilikuwa rehema kubwa. Lakini juu ya kishindo kinachoinyanyua ndege mapema, gurudumu la pua halina amri. Na rubani aliyelizoea hilo peke yake huenda asijifunze kamwe kuitumia miguu yake kwenye usukani wa mkia, mpaka siku upepo utakapomdai.