Kisangani, mji wa mwisho wa meli

Meli inayopanda Mto Kongo kutoka Kinshasa husafiri zaidi ya kilomita 1,700, kisha hufika Kisangani na kusimama. Mbele yake kuna miamba ya Wagenya, poromoko la mwisho kati ya saba ya Boyoma, ambayo kwa umbali wa kilomita 100 hivi kutoka Ubundu huushusha mto mita 60 hivi. Juu ya maporomoko mto huitwa Lualaba; chini yake huitwa Kongo. Habari za mji huu, tangu samaki na pembe za ndovu hadi reli na mizinga, zimetokana na kizuizi hicho. Mzigo ukifika hapa lazima ushushwe, na penye kushushwa mizigo hujengwa ghala na soko, na baadaye ngome.

Kabla ya ghala palikuwa na wavuvi wa kabila la Wagenya. Wagenya huvua mahali ambapo mvuvi mwingine angeogopa hata kuosha miguu. Magogo marefu hukitwa katika mashimo ya mwamba katikati ya mkondo, yakafungwa kwa kamba za msituni hadi yakawa jukwaa juu ya maji yanayotoa povu. Kwenye jukwaa hilo huning'inizwa migono ya fito, mipana mdomoni na myembamba mkiani, mingine mirefu kuliko mtu mzima, midomo yake ikiutazama mto unakotoka. Samaki akibebwa na maji huingia kwa kasi, na maji yaleyale yaliyomwingiza humzuia kutoka. Hakuna chambo wala ndoana. Kinachohitajika ni kujua ni shimo lipi la mwamba litashika gogo maji yakijaa, na ujuzi huo haukuandikwa popote. Mtoto huupata kwa kupanda magogo pamoja na baba yake.

Mwaka 1877, mwezi wa Januari, mvumbuzi Henry Morton Stanley alipita hapa akishuka mto pamoja na wapagazi na askari wengi waliotoka Zanzibar. Alirudi Desemba 1883 akipanda kutoka upande wa bahari ya Atlantiki, akaanzisha kituo kwenye kisiwa cha Wana Rusari kwa niaba ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Lakini katika miaka hiyo ya katikati watu wa mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, walikuwa wamekwisha kuteremka kutoka Nyangwe na Kasongo, upande wa juu wa mto, wakitafuta pembe. Makundi mawili ya wafanyabiashara, moja likitoka mashariki na jingine magharibi, yakakutana kwenye poromoko moja.

Hawakukaa kwa amani. Agosti 1886 kituo kilishambuliwa, na Walter Deane, ofisa wake Mwingereza, akakimbilia msituni baada ya kukichoma moto. Jeshi la kukirudisha halikuwepo, kwa hiyo Leopold alichagua njia nyingine: Februari 1887, mjini Zanzibar, Stanley alitia saini mkataba uliomfanya Tippu Tip kuwa wali wa Maporomoko kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mfanyabiashara Mswahili akawa mtumishi wa mfalme wa Ulaya, akipandisha bendera ya mfalme huyo juu ya nyumba yake. Aliondoka mwaka 1890, na mpwa wake Rashid akashika nafasi yake.

Haifai kuisimulia enzi hiyo kwa fahari tupu. Msafara wa pembe ulikuwa pia msafara wa mateka, na vijiji vingi vya kandokando ya mto viliteketezwa. Hata hivyo, Waungwana, kama walivyojiita watu wa misafara, waliacha mambo ambayo mji ungali ukiishi nayo: kilimo cha mpunga, Uislamu, na Kiswahili kinachoitwa Kingwana. Lingala kilipanda baadaye na meli na askari. Ndiyo maana Kisangani ni mji ambapo muuza samaki huanza bei kwa lugha moja na kuimaliza kwa nyingine.

Waholanzi nao walikuwa katika biashara hiyo. Kampuni ya Rotterdam, Nieuwe Afrikaansche Handels-Vennootschap, ilinunua pembe katika Kongo ya juu kwa meli zake, hadi maagizo ya Leopold ya miaka ya 1891 na 1892 yalipoipa dola yake haki juu ya pembe na mpira na kuwabana wafanyabiashara huru. Vita vya 1892 hadi 1894 kati ya dola hiyo na Waungwana viliumaliza utawala wao. Kuanzia hapo aliyetawala ni Mbelgiji.

Wabelgiji walikijibu kizuizi cha mto kwa reli. Mwaka 1906 ilikamilika njia ya kilomita 125 kutoka ng'ambo ya kushoto hadi Ponthierville, Ubundu ya leo, ambako meli za Lualaba zilipokea mizigo. Stanleyville, kama mji ulivyoitwa, ukakua kwenye ukingo wa kulia kwa mitaa ya Wazungu iliyonyooka, na mitaa ya Waafrika ikawekwa kando yake.

Katika posta ya mji huo Patrice Lumumba, baadaye waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alifanya kazi ya ukarani hadi alipokamatwa mwaka 1956. Oktoba 1959 alirudi kuongoza mkutano wa chama chake cha MNC, ghasia zikazuka, watu wakauawa, naye akafungwa tena. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliuteka mji mwezi wa Agosti, na tarehe 24 Novemba askari wa Kibelgiji waliangushwa kwa miavuli kutoka ndege za Marekani. Jina la Stanley liliondolewa mwaka 1966.

Jeraha lililo bichi zaidi ni la Juni 2000. Kuanzia tarehe 5 hadi 10, majeshi ya Rwanda na Uganda, ambayo hakuna hata moja lililokuwa na haki ya kuwa hapo, yalipigana kwa mizinga katikati ya mji, na mamia ya raia wakafa. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara iliyoyasababisha nchini humo, ya Kisangani yakiwemo. Fedha hazitawarudisha waliokufa, na waliopoteza jamaa wanastahili kupewa haki yao wangali hai.

Mgeni anayefika leo atabebwa kwa pikipiki, au kwa baiskeli za abiria ambazo mji uliziita toleka, neno la Lingala lenye maana ya "tupite". Mto Kongo hauna daraja hapa. Kwenda Lubunga, ng'ambo ya kushoto, ni kwa mtumbwi au boti. Migono ya Wagenya iko upande wa kulia, katika komuni inayobeba jina la mji wenyewe, na hukaguliwa asubuhi na jioni. Anayetaka kuwaona wavuvi wakipanda magogo na afike mapema.